Mwongozo kamili wa kujifunza misamiati migumu ya Kiingereza, kwa mtu anayewaza kwa Kiswahili

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye Kiingereza cha kawaida anacho. Anaelewa muvi, anaandika meseji, anajibu maswali kwenye intavyuu, ila akifungua tahariri ya The Citizen au Daily Nation, au ripoti ya kazini, au akianza kujiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, anakuta kila baada ya mistari miwili mitatu kuna neno linamsimamisha, na akitaka kuandika yeye mwenyewe anajikuta anazungukia good, bad, big, important, very important, basi. Kama we ni mwanafunzi wa fomu one na ndo kwanza umetoka darasa la saba ulikosoma kila kitu kwa Kiswahili, soma pia, hatua ya kwanza utakaa nayo mda mrefu zaidi na hilo halina shida kabisa.

Kuna jambo nataka lieleweke mapema maana yote yanayofuata yanalitegemea. Neno gumu la Kiingereza ni mara chache sana liwe na maana moja ya Kiswahili ya kuandika pembeni halafu ukafunga daftari. Zile orodha zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, maneno 100 kila moja na tafsiri ya neno moja, ukizisoma unajiona umejifunza, ila siku ya kuandika barua zinakuangusha, kwa sababu hazikuambii hilo neno linakaa na maneno gani, linatumika mahali gani, na ndani yake kuna sifa au kuna lawama. Mimi naona ni bora ujue maneno 10 kiasi cha kuyaweka kwenye barua ya kazi bila wasiwasi kuliko 100 ambayo unayatambua tu ukiyaona kwa mwenzako.

Hatua ya 1: Pima ulipo kabla ya kukimbilia maneno magumu

Chukua ukurasa wa kitu ambacho unatamani kuweza kukisoma, usijipendelee kwa kuchagua rahisi. Hesabu maneno kama 200 hivi, alafu pigia mstari kila neno ambalo hulijui kabisa. Yakiwa 4 kushuka chini upo pazuri, maana watafiti wawili, Hu na Paul Nation, mwaka 2000 walionyesha kwamba mtu anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno ili asome kwa raha bila kusaidiwa, yaani neno geni moja katika kila 50. Yakiwa 5 mpaka 20 hapo ndo pa kujifunzia, utatoka jasho kidogo ila utaelewa mada. Yakizidi hapo shuka kwanza, tafuta maandishi mepesi, kwa sababu ukiwa unasimama kila mstari hujifunzi tena, unakua unapekua kamusi tu.

Huyo huyo Nation mwaka 2006 alikadiria kwamba kusoma riwaya na magazeti kwa kiwango hicho kunataka familia za maneno kama 8,000 hadi 9,000. Usiogope hiyo namba. Familia maana yake ni neno pamoja na ndugu zake wote, na sisi kunyambua maneno tumekua nako tangu utotoni: soma, somesha, someka, msomi, somo, usomaji, hakuna mtu aliyekukalisha akakufundisha hayo kama maneno sita tofauti. Kiingereza nacho kina analyse, analysis, analyst, analytical. Ukishika mmoja unawavuta wote, mradi uandike wote siku hiyo hiyo.

Sasa uchague orodha ya kukuongoza, moja tu. Kama msingi unayumba tumia Oxford 3000, inapatikana bure mtandaoni na imepangwa kwa ngazi kuanzia A1 mpaka B2, na ukiimaliza kuna Oxford 5000 ambayo inaongeza maneno 2,000 ya ngazi za B2 na C1. Kama msingi uko imara na unasoma chuo au kazi yako ni ripoti, nenda kwenye Academic Word List. Hiyo aliitengeneza Averil Coxhead wa Victoria University of Wellington kule New Zealand, ikatoka mwaka 2000, ina familia 570 tu zilizogawanywa mafungu 10, na hizo 570 peke yake zinabeba karibu asilimia 10 ya maneno yote ya maandishi ya kitaaluma.

Naipenda hii orodha kuliko zote kwa sababu haina maneno ya kujionyesha. Ina maneno ya kazi: assess, constitute, derive, indicate, interpret, significant. Na ndo maneno yanayokaa kwenye maswali ya mitihani. Assess maana yake pima jambo, weka uzuri wake na ubaya wake mezani kisha toa kauli yako. Evaluate iko karibu nayo sana ila inataka upime kwa vigezo, kitu hiki kina thamani au ubora kiasi gani. Justify maana yake toa sababu zinazothibitisha kwamba jambo ni sahihi. Kuna watoto wanakaa kwenye chumba cha mtihani, somo wanalijua, jibu wanalo kichwani, ila hawajui swali linawataka wafanye nini nalo, na hilo linaniuma sana kwa sababu ni kitu kinachorekebishika ndani ya wiki chache.

Hatua ya 2: Maneno yatoke kwenye unachosoma, orodha iwe ya kuhakikisha tu

Orodha inakusaidia kujua neno lipi ni muhimu, lakini neno lenyewe likutane nawe kwenye sentensi ya mtu. Kama we ni nesi soma mambo ya afya, kama ni mhasibu soma kurasa za biashara, kama unapenda mpira soma uchambuzi wa ligi ya Uingereza, huko kuna misamiati mizito kuliko watu wanavyodhani: relentless, resurgence, scrutiny, formidable, beleaguered. Kocha aliye kwenye kitimoto magazeti ya kule humwita beleaguered manager, yaani anayeandamwa pande zote.

Utaratibu wangu ni huu: neno ukilikuta mara ya kwanza lipite, kisia maana, endelea kusoma. Ukilikuta mara ya pili mahali pengine, hapo liandike. Hii inachuja yale maneno adimu ambayo utayakuta mara moja maishani na inakuachia yale yanayofanya kazi. Chukua 5 kwa siku, siku 5 za wiki, na siku 2 zilizobaki ni za kurudia bila kuongeza neno jipya. Ni kidogo ukiangalia kwa siku, ila kwa mwaka yanazidi 1,000, na hayo ni mengi mno kama umeyajua vizuri.

Hatua ya 3: Anza na neno la Kiswahili, ulitawanye

Hii ndo hatua ninayoithamini kuliko zote. Walimu wengi wanasema usiwaze kwa Kiswahili, mimi sikubaliani nao. Kiswahili ndo kichwa ulichonacho, kitumie. Kiswahili kina maneno mapana yanayobeba kazi nyingi, na mara nyingi hizo kazi Kiingereza kimezigawa kwa maneno tofauti, kwa hiyo badala ya kuokota neno moja moja kutoka kwao ukalileta kwetu, chukua la kwetu utafute yote yanayolihusu.

Chukua kupunguza. Reduce unaijua na inafaa karibu kila mahali. Lakini ukipunguza maumivu, mateso au umaskini, neno ni alleviate, yaani unampa nafuu mtu anayeumia. Ukipunguza ukali wa madhara ya kitu ambacho huenda hutaweza kukizuia, mafuriko tuseme, ni mitigate. Ukidhibiti kitu kibaya kisizidi kukua, rushwa au matumizi ya hovyo, ni curb. Ukiminya uhuru au mamlaka ya mtu, au ukakatisha safari kabla ya mda wake, ni curtail. Bei au bajeti ikishushwa kwa kishindo magazeti yanaandika slash. Na pale ambapo hakuna mtu anayepunguza, kitu chenyewe kinapungua taratibu, samaki ziwani, akiba ya benki, ni dwindle, na hapo angalia, huwezi kusema the fishermen dwindled the fish, ni lazima samaki wenyewe wawe ndo watendaji: fish stocks are dwindling. Umeona? Maneno saba, na kama ungeyaandika yote "kupunguza" kwenye daftari ungekua umejifunza neno moja tu.

Fanya hivyo hivyo na neno kali. Mwalimu mkali ni strict, mbwa mkali ni fierce, kisu kikali ni sharp, pilipili kali ni hot, maumivu makali ni severe au acute, jua kali ni scorching, maneno makali ni harsh, ushindani mkali ni stiff au fierce. Sisi tunasema kali tukaelewana kwa sababu nomino iliyo mbele inatuambia ni ukali gani. Kwenye Kiingereza ukisema sharp teacher msikilizaji anaelewa ni mwalimu mwenye akili nyepesi, kitu kingine kabisa.

Alafu kuna mjanja, hapa unajifunza sifa na lawama. Mfanyabiashara mjanja anayeona fursa kabla ya wengine ni shrewd au astute, hizo ni sifa. Mjanja anayejua kupata njia hata pasipo na vifaa wala hela ni resourceful, sifa tena, na kwenye CV inakaa vizuri sana. Mjanja anayezunguka watu ni cunning, na anayefanya kwa kificho ni sly, hizo mara nyingi ni lawama. Ukiandika barua ya kumpendekeza mfanyakazi wako ukasema he is a cunning man, umemharibia kazi na we ulitaka kumsifia.

Na kukubali. Agree ni kukubaliana na wazo, accept ni kupokea ofa au zawadi, admit ni kukiri kosa. Concede ni kukubali shingo upande baada ya kubishana au kushindana, ndo maana mgombea akikubali matokeo wanaandika conceded defeat. Consent ni kutoa ridhaa, ile fomu unayosaini hospitali kabla ya upasuaji ndo consent form. Acquiesce ni kukubali kimya kimya jambo ambalo moyoni hulitaki, na inaenda na in: they acquiesced in the decision. Endorse ni kukubali na kuunga mkono hadharani.

Wiki yako ya kwanza tawanya maneno haya: kuonyesha, kuongeza, kuzuia, tatizo, bahili, kuharibu. Neno moja kwa siku, ukurasa mzima.

Hatua ya 4: Jinsi ya kulifungua neno kwenye kamusi na kuliandika

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, ile ya TUKI kwa mfano, itumie kupata mwanga wa kwanza. Baada ya hapo hamia kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotengenezwa kwa wanaojifunza, Oxford, Cambridge na Longman zote wana za bure mtandaoni na zinaeleza kwa maneno rahisi. Usisome maana ya kwanza ukafunga. Angalia maana zote, angalia kama wameandika ni rasmi au ya mtaani, kama inabeba lawama, angalia kihusishi kinachofuata, na soma mifano yote hadi wa mwisho.

Ukurasa wa neno moja kwenye daftari uwe hivi:

exacerbate
Aina: kitenzi, lazima kiwe na kitu kinachotendwa.
Maana: kufanya jambo ambalo tayari ni baya liwe baya zaidi.
Linasomeka: ig-ZA-sa-beit.
Majirani wake (maneno linayokaa nayo): a problem, a crisis, tensions, the situation.
Rejista (mahali linapofaa): rasmi, ripoti na magazeti.
Ndugu: exacerbation.
Sentensi niliyoikuta: naiandika yote kama ilivyo.
Sentensi yangu: The long drought exacerbated the shortage of maize flour in our district.
Onyo: kitu kikiwa kizuri hakiwi exacerbated, ni lazima kiwe kibaya tangu mwanzo.

Inachukua mda kidogo, na huo mda ndo kujifunza kwenyewe.

Kuna maneno yana maana mbili zinazogongana na kamusi ndo itakuokoa. Sanction ikiwa kitenzi inaweza kuwa kuidhinisha, na sanctions ni vikwazo. Oversight ni usimamizi, na pia ni kosa la kupitiwa. Table kwenye bunge la kwetu au la Uingereza ni kuwasilisha hoja ijadiliwe, ila Marekani to table a bill ni kuiweka kando isijadiliwe kwa sasa, kwa hiyo ukisoma habari angalia gazeti ni la wapi. Advocate kama kitenzi ni kupigania jambo, na kwa Afrika Mashariki advocate ni wakili pia, wakati kule London mtu wa kazi hiyo utasikia anaitwa barrister au solicitor.

Matamshi usiyaache kando. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, Kiingereza hakifuati hayo yote mawili. Subtle b haitamkwi, ni SA-tl. Indict, neno la habari za mahakamani, ni in-DAIT. Determine ni di-TA-min, sio ditamain. Epitome ni i-PI-to-mi, na hyperbole ni hai-PA-bo-li. Mkazo nao unahama ndani ya familia moja: A-na-laiz, a-NA-li-sis, a-na-LI-ti-kol. Kila kamusi ya mtandaoni ina alama ya spika, ibonyeze, rudia kwa sauti, kwa sababu neno ambalo hujiamini kulitamka hutalitumia hata kama maana yake unaijua vizuri.

Hatua ya 5: Jirani wa neno

Fikiria kupiga. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga mswaki. Mgeni akisema nafanya picha tunaelewa ila tunajua huyu sio mwenzetu. Kiingereza nacho kina mambo yake ya namna hiyo: make a call, take a photo, cast a vote. Mvua kubwa ni heavy rain, hawasemi big rain. Chai kali ni strong tea. Mvutaji sigara sana ni heavy smoker. Kufanya uamuzi ni make a decision, ukitaka kupanda ngazi reach a decision, kufanya utafiti ni conduct research, kutenda kosa la jinai ni commit a crime, kuleta hoja ni raise an issue, kutimiza masharti ni meet the requirements.

Wengi wanaosoma sana na bado Kiingereza chao hakijanyooka tatizo lao lipo hapa. Kwa hiyo usiandike neno peke yake kamwe, andika na jirani yake. Sio prone, andika prone to flooding. Sio devoid, andika devoid of meaning. Sio conducive, andika conducive to learning. Sio deter, andika deter people from stealing. Na kwenye IELTS, msamiati ni robo ya alama za kuandika na robo ya alama za kuongea, na wanachoangalia ni kama neno limekaa mahali pake na majirani zake. Mtu anayejaza maneno mazito yasiyokaa anashuka, wa maneno ya kati yaliyokaa sawa anapanda.

Hatua ya 6: Mizizi

Waingereza walitawaliwa na Wanormani waliotoka Ufaransa kuanzia mwaka 1066, na kwa mda mrefu Kifaransa kilikua lugha ya mahakama na wakubwa wakati wananchi wanaongea Kiingereza chao, na juu ya hapo kulikua na Kilatini cha kanisa na wasomi. Ndo maana hadi leo wana ngazi tatu za kitu kimoja: ask, question, interrogate. Kingly, royal, regal. Rise, mount, ascend. Kwa kawaida lile la kienyeji ni la nyumbani, la Kifaransa limevaa kidogo, la Kilatini ni la ofisini. Polisi wana-interrogate, mama yako ana-ask. Hatuna sababu ya kuogopa mchanganyiko huo, Kiswahili nacho kimechukua Kiarabu, Kireno, Kihindi na kadhalika na kinaenda.

Mizizi michache inakufungulia maneno mengi. Bene ni wema: benefit, benevolent, beneficial, beneficiary. Mal ni ubaya: malice, malnutrition, malfunction, malevolent. Dict ni kusema: predict, contradict, dictate, verdict. Cred ni kuamini: credible, credulous, credentials, discredit. Cide ni kuua: homicide, suicide, pesticide, genocide. Chron ni wakati: chronic, chronological, synchronise. Loqu ni kuongea: eloquent, loquacious. Omni ni yote. Ambi ni pande mbili, kwa hiyo ambiguous ni kauli inayoeleweka kuwili, na ambivalent ni mtu ambaye moyo wake unavutwa pande mbili.

Ila mizizi inakupa fununu tu, hakikisha kwenye kamusi. Invaluable sio kitu kisicho na thamani, ni chenye thamani isiyokadirika. Infamous sio asiyejulikana, anajulikana sana kwa ubaya. Na hii ijue kwa usalama wako: inflammable ni kinachoshika moto, sawa sawa na flammable. Ukiikuta kwenye dumu weka mbali na jiko.

Hatua ya 7: Yasikutoke

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe akionyesha kwamba tunachojifunza kinapotea kwa kasi sana mwanzoni, halafu kasi inapungua. Dawa ni kurudia kwa nafasi zinazotanuka. Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, mwaka 1972 alipendekeza masanduku ya kadi, na unaweza kuyatengeneza kwa maboksi ya viatu: kadi mpya sanduku la kwanza, unaipitia kila siku. Ukiipata inaenda la pili, unaipitia kila baada ya siku 3. Ukiipata tena la tatu, kila wiki. La nne, kila mwezi. Ukiikosa popote ilipo inarudi la kwanza. Kama hutaki makaratasi kuna apu ya Anki inayopanga hizo siku yenyewe, kwenye kompyuta na Android ni bure, kwenye iPhone ni ya kulipia.

Kadi usiandike neno mbele na tafsiri nyuma. Mbele andika sentensi yenye pengo na fununu: The two families reached an a______ settlement, kirafiki, bila ugomvi. Nyuma: amicable. Hivyo kichwa kinalazimika kulitoa neno, na kulitoa ndo kunakolijenga.

Kwa neno sugu linalogoma kukaa, tumia sauti ya Kiswahili. Amicable, muone ami yako, yule ndugu wa baba, amekaa mkekani anasuluhisha ugomvi kwa upole mpaka watu wanapeana mikono. Futile, yaani juhudi za bure, muone mtu anafuta maji sakafuni huku paa linavuja: a futile attempt. Picha ikiwa ya kwako na ya nyumbani kwenu inakaa zaidi.

Hatua ya 8: Yatoke kinywani na kwenye kalamu

Neno halijawa lako mpaka ulitumie kwa jambo la kweli. Andika kila neno sentensi tatu kuhusu maisha yako, kazi yako, mtaa wako. Jioni sikiliza habari moja ya BBC, zima, alafu isimulie kwa sauti kwa dakika mbili ukilazimisha maneno mawili ya wiki hiyo yaingie. Jirekodi kwenye simu, jisikilize. Ukipata mwenzako mmoja wa kutumiana voisi noti za Kiingereza kila siku ni bora kuliko grupu la watu 200 ambapo kila mtu anatuma orodha na hakuna anayeongea.

Na tafadhali heshimu mahali. Kwenye ripoti andika the project commenced in March, ila rafiki yako ukimwandikia when did you commence eating unamchanganya. Neno jepesi likitosha litumie. Msamiati mkubwa unakupa uwezo wa kuchagua, na mara nyingi utachagua lile dogo.

Kila mwisho wa mwezi rudi kwenye ule ukurasa wa hatua ya kwanza, tafuta mwingine wa gazeti lile lile, hesabu tena maneno 200. Namba itashuka taratibu, na hiyo ndo ripoti yako ya kweli.

Maneno ya kuanzia

Haya ni ya wiki ya kwanza ukishamaliza kutawanya, nimechagua yanayokutana na mtu kila siku.

Reluctant to, kusita au kutotaka sana kufanya jambo: Landlords are reluctant to lower the rent. Plausible, inayoingia akilini japo haijathibitishwa: a plausible explanation. Lucrative, yenye kuingiza hela nyingi: a lucrative business. Tedious, ya kuchosha kwa sababu ni ndefu na inajirudia: tedious paperwork. Meticulous, makini hadi kwenye vitu vidogo, ni sifa: She keeps meticulous records. Viable, inayoweza kutekelezeka na ikasimama: a viable option. Arbitrary, ya kuamuliwa tu bila kigezo wala sababu: an arbitrary decision. Candid, wa kusema ukweli bila kuficha: a candid conversation. Scrutiny, kuchunguzwa kwa undani, na inaenda na under: The contract is under scrutiny. Undermine, kudhoofisha taratibu kwa chini chini, imani, mamlaka, juhudi za mtu: Constant delays undermine public trust.

Yaandike leo kwa ule mpangilio wa ukurasa, kila moja na sentensi yako mwenyewe ya jambo lililotokea kweli, na kesho asubuhi kabla hujashika kitu kingine funika upande wa maana uone yapi yamebaki, yaliyotoka rudisha sanduku la kwanza.